Malkia Alexandra na Damu Isiyotaka Kuganda

Mpwa wangu aling'olewa jino asubuhi, na hata ilipoadhiniwa alfajiri ya siku ya pili alikuwa bado anatema damu. Ni binti wa miaka 19, mzima wa mwili, hana homa wala udhaifu. Dada yangu alihangaika naye usiku kucha kwa maji ya chumvi, kwa pamba na kwa barafu, na kulipokucha wakaenda kwa daktari. Huko dada akaeleza kwamba mwanawe wa kwanza, kaka wa binti huyu, alifariki akiwa na miaka 6 kwa damu ya tohara iliyokataa kukatika. Akauliza kama mambo haya mawili yana uhusiano. Akaambiwa hayana. Maradhi yale ni ya wanaume, na wanawake huyabeba tu, kama punda abebavyo chokaa ya nyumba asiyolala yeye.

Jioni yake dada alinikuta barazani akaniuliza swali lile lile, kwani mimi ndiye msomaji wa vitabu nyumbani kwetu, na mwenye vitabu hudhaniwa ana majibu. Mimi jibu sikuwa nalo. Ila nilikumbuka habari za mwanamke mmoja wa kifalme, mama wa mabinti wanne na mwana mmoja, ambaye damu ya mwanawe ilichangia kuangusha ufalme mzima. Habari hizo nilizisoma ujanani kama hadithi ya wafalme. Safari hii nimezisoma kama mjomba.

Msomaji wangu, mwanamke huyo ni Alexandra, malkia wa mwisho wa Urusi.

Alizaliwa tarehe 6 Juni, 1872, katika mji wa Darmstadt, nchi ya Ujerumani. Jina lake la utotoni lilikuwa Alix. Baba yake alikuja kuwa mtawala wa jimbo la Hesse, na mama yake, Alice, alikuwa binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, yule ambaye jina lake lilibandikwa kwenye ziwa letu kubwa mwaka 1858 na mzungu aliyelikuta lina majina yake ya kale. Alix alikuwa mtoto wa sita katika saba. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, kaka yake aliyemtangulia, Friedrich, mtoto wa miaka miwili na nusu, alianguka kutoka dirishani. Hakuvunjika kitu cha kumuua, lakini damu ilivuja ndani ya kichwa na jioni ile ile akafariki. Miezi michache nyuma alikuwa amekatika sikioni, na damu ikatoka kwa siku tatu. Nyumba ile basi ilikuwa imekwisha kupewa onyo.

Na onyo halikuwa la kwanza. Mjomba wake Alix, Leopold, mwana wa Malkia Victoria, aliishi maisha yake yote akichungwa kama yai, na mwaka 1884 akateleza huko Cannes, Ufaransa, akafa akiwa na miaka 30. Victoria mwenyewe alizaa watoto tisa akaishi miaka 81, na wala hakusumbuka na damu. Maradhi haya, hemofilia, yalipita kwake yakamwachia salama yeye, yakaenda kwa mwanawe Leopold, na kwa binti zake wawili, Alice na Beatrice, ambao nao waliyapitisha kwa wanao.

Isidhaniwe kwamba dunia ilikuwa haiyajui. Tabibu mkubwa wa Andalusia, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake habari za watu wa mahali fulani ambao wanaume wao walikuwa wakipata jeraha dogo na damu haisimami mpaka wanakufa. Na mwaka 1803 daktari mmoja wa Marekani, John Otto, alieleza waziwazi kwamba wanaougua ni wanaume na wanaoyapitisha ni mama zao. Elimu ilikuwapo. Ila katika majumba ya wafalme posa hupangwa kwa kutazama mipaka ya nchi, hazipangwi kwa kutazama damu.

Alix alipokuwa na miaka 6, dondakoo liliingia nyumbani, likamchukua mdogo wake na kisha mama yake, mwezi Desemba 1878. Toka hapo akawa kama mtoto wa bibi yake Victoria, akienda Uingereza kila mwaka. Wote waliomwandika wanakubaliana kwamba alikuwa msichana wa soni nyingi, mchamungu, mgumu wa kubadili nia. Nicholas, mrithi wa Urusi, alimpenda miaka kadhaa, na lililomzuia Alix lilikuwa dini. Hakutaka kuacha madhehebu yake ya Kilutheri. Mwisho alikubali, akapewa jina la Alexandra Feodorovna. Wakaoana tarehe 26 Novemba, 1894, wiki tatu na ushei baada ya kifo cha baba yake Nicholas, hivi kwamba bibi harusi alitoka msibani akaingia harusini.

Sheria ya Urusi ya tangu mwaka 1797 ilimpa kiti mwanamume. Hesabu basi machungu ya mwanamke huyu: Olga 1895, Tatiana 1897, Maria 1899, Anastasia 1901. Mabinti wanne, wazuri, wenye afya, na kila mmoja akipokewa na watu kwa shingo upande. Sisi tunawajua wanawake wa hapa kwetu waliopitia hayo, ijapokuwa hawakuwa na kiti cha enzi cha kurithisha ila shamba la minazi. Tarehe 12 Agosti, 1904, akapatikana Alexei. Mizinga ikapigwa. Na haikupita miezi miwili, kitovu cha mtoto kikaanza kuvuja damu.

Alexandra hakuhitaji kuelezwa. Miezi sita tu kabla ya Alexei kuzaliwa, Februari 1904, dada yake Irene alimzika mwanawe wa miaka minne kwa maradhi yale yale. Irene huyu aliolewa na Heinrich, ndugu wa Mfalme Wilhelm wa Ujerumani, yule ambaye bendera yake ilipepea Tanga na Dar es Salaam mpaka Vita Vikuu vya Kwanza. Wana watatu alizaa Irene, na wawili kati yao walikuwa wagonjwa. Alexandra alilijua jina la adui, na alijua kwamba aliyemfungulia mlango ni yeye mwenyewe.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na kitabu mapajani. Mama akijua kwamba maradhi ya mwanawe yametoka tumboni mwake, hata kama hakuna alilolitenda, moyo wake haukubali kusamehewa. Dada yangu hajawahi kulisema jambo hilo kwa ulimi, lakini ni miaka 23 sasa toka mwanawe afariki, na mpaka leo kukiwa na tohara mtaani yeye hufunga madirisha.

Alexandra aliamua kuficha. Warusi hawakuambiwa kwamba mrithi wao ni mgonjwa. Waliona tu malkia mwenye uso mkavu, asiyependa karamu, anayejifungia na wanawe mbali na mji, wakamwona ana kiburi na Ujerumani wake haujamtoka. Mabaharia wawili waliwekwa wamfuate mtoto popote aendapo wasimwache aanguke. Vuli ya 1912 Alexei aliumia akiruka kuingia mashuani. Alipoelekea kupona akapakiwa katika gari la farasi huko Spala, Poland, na mtikiso wa njia ukaamsha damu pajani na kinenani. Siku nyingi alilia mpaka sauti ikakauka. Padri alikwisha kumwombea sala za mwisho. Mama yake akapeleka simu ya maandishi kwa Rasputin, mkulima wa Siberia aliyejiita mtu wa Mungu, na jibu lilikuja kwamba mtoto hatakufa na madaktari wasimsumbue sana. Mtoto akapona. Waliobaki wamebishana miaka mia juu ya sababu. Mimi naona kwamba mama aliyekuwa amekesha siku zote zile hakuwa na haja ya sababu, na waganga wetu wanalijua vizuri soko hilo.

Yaliyofuata yanajulikana. Vita vilipoanza 1914, Alexandra na binti zake wawili wakubwa walijifunza uuguzi, wakafunga vidonda vya askari kwa mikono yao. Mwaka 1915 mumewe alipokwenda kuongoza jeshi, yeye akashika mambo ya serikali huku Rasputin akinong'ona, na mawaziri wakawa wanabadilishwa kama mashuka. Rasputin akauawa Desemba 1916. Machi 1917 Nicholas akajiuzulu. Kwanza alikusudia kumwachia kiti Alexei. Akamwuliza daktari, akaambiwa maradhi hayana dawa, basi akajiuzulu kwa ajili yake na kwa ajili ya mwanawe. Hivyo katika saa ya mwisho ya ufalme ule, neno moja la daktari juu ya damu ya mtoto lilikuwa na uzito wake.

Aprili 1918, wakiwa wafungwa huko Tobolsk, wakuu wapya waliamuru Nicholas ahamishwe. Alexei alikuwa kitandani, anavuja damu ndani. Alexandra alilazimika kuchagua kwa saa chache: aende na mume au abaki na mwana. Alikwenda na mume, akamchukua Maria, akawaacha wengine wamwangalie ndugu yao mpaka waweze kufuata. Walikutana tena Yekaterinburg, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai, 1918, wote saba na watu wao wanne walipigwa risasi katika chumba cha chini. Alexei alikuwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka 14.

Kama habari ingeishia hapo, swali la dada yangu lingebaki bila jibu. Lakini mifupa yao ilisema baadaye.

Kaburi liligunduliwa kwa siri mwaka 1979 na kufukuliwa 1991. Mlikuwa na watu tisa. Ili kuwatambua, mwanamfalme Philip wa Uingereza alitoa damu yake, kwani bibi yake mzaa mama alikuwa dada yake Alexandra, na kuna sehemu ya jeni ambayo mtu huipata kwa mama peke yake. Ikalingana. Mwaka 2007 ikapatikana mifupa ya wawili waliokosekana, Alexei na dada yake mmoja. Na mwaka 2009 mtaalamu Evgeny Rogaev na wenziwe waliisoma jeni yenyewe ya ugonjwa katika mifupa ile. Waliona kwamba ilikuwa hemofilia B, ile inayoharibu protini ya kugandisha damu iitwayo faktori ya 9. Kosa lenyewe ni herufi moja tu ya jeni iliyobadilika. Sisi tuliosoma chuoni tunaelewa: nukta ikihama kutoka juu ya herufi kwenda chini yake, neno lote hugeuka. Alexei alikuwa na nakala moja tu, nayo mbovu. Alexandra alikuwa na mbili, moja mbovu na moja nzima. Na binti mmoja kati ya wale wanne alikutwa kama mama yake.

Sasa niruhusu, msomaji, nikutoe Urusi nikupeleke uchochoroni kwetu kumtazama paka.

Umewahi kumwona paka mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na meusi, yamechanganyika kama mtu aliyemwagiwa rangi? Paka huyo karibu kila mara ni jike. Sababu ni kwamba jeni ya rangi ya chungwa imo katika kromosomu iitwayo X. Dume ana X moja, basi ni wa chungwa au si wa chungwa. Jike ana mbili, lakini kila seli ya mwili wake hutumia moja tu, nyingine huizima na kuikunja kama mkeka. Mwaka 1949 huko Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Bertram waliuona mkunjo huo kama nukta nyeusi katika seli za paka jike, wasiuone kwa dume. Mwaka 1961 mwanamke wa Kiingereza, Mary Lyon, kwa kutazama manyoya ya panya wenye mabaka, alieleza nini kinatendeka: mapema sana tumboni mwa mama, kila seli hupiga kura yake, huzima X ya baba au X ya mama, na seli zote zitakazozaliwa kutoka kwake hushika uamuzi ule ule mpaka mwisho wa uhai. Baka la chungwa ni ukoo wa seli uliochagua hivi, na baka jeusi ni ukoo uliochagua vile.

Wanawake nao ni hivyo hivyo, ila mabaka yao hayaonekani kwa nje.

Faktori ya 9 hutengenezwa na ini. Mwanamke kama Alexandra ana seli za ini zinazotumia X nzima, na zinazotumia X mbovu. Zikigawana nusu kwa nusu, damu yake hupata kiasi cha nusu ya faktori ya kawaida, na nusu hiyo hutosha kabisa kwa jino na kwa uzazi. Lakini ni nani aliyeapa kwamba lazima zigawane nusu kwa nusu? Tupa shilingi juu mara elfu, utapata karibu sawa kwa sawa. Itupe mara kumi, usishangae ikianguka upande mmoja mara nane. Seli zilizopiga kura siku ile tumboni zilikuwa chache, kwa hiyo baadhi ya wanawake huzaliwa na upogo: asilimia 80 ya seli zao, au 90, au hata zaidi, zimeelemea X moja. Na wakati mwingine si bahati peke yake. X moja ikiwa na kasoro ya kuzifanya seli zake zikue polepole, zile za upande wa pili huzipita zikajaa. Upogo ukielemea X nzima, mwanamke hatajua kamwe kwamba ana kasoro. Ukielemea ile mbovu, faktori yake hushuka mpaka akawa na hali ya mwanamume mgonjwa. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja, wenye jeni ile ile mbovu, mmoja huzaa watoto tisa salama, na wa pili hung'olewa jino akakesha.

Nilipofika hapo nilimrudia Maria, binti wa tatu wa Alexandra. Shangazi yake, Olga Alexandrovna, aliyesalimika akafia Kanada mwaka 1960, alisimulia kwamba mwaka 1914 Maria alipasuliwa koo kuondolewa tezi, akatokwa na damu nyingi hata daktari akababaika, na Alexandra akamwamuru aendelee. Shangazi huyo aliamini kwamba wasichana wote wanne walitokwa na damu kupita kawaida. Kwa miaka mingi watu waliyachukua maneno yake kama ya kibibi kizee, maana vitabu vilikwisha kusema maradhi ni ya wanaume. Leo hayana ajabu. Mifupa haiwezi kutuonyesha ini la Maria lilizima X ipi, lakini hadithi ya shangazi ni hadithi ile ile ya jino la mpwa wangu.

Tena kuna jambo dogo linalonikera. Binti aliyekutwa na jeni ile mbovu, Warusi wanasema ni Anastasia. Wataalamu wa Marekani waliopima mifupa walisema mwili ule ni wa Maria, na aliyekosekana kaburini ni Anastasia. Wasichana wanne waliotazamiwa na dunia nzima wangekuwa wavulana, na mpaka leo wawili kati yao mifupa yao inagombewa majina.

Nilimweleza dada yote haya kwa muda wa siku mbili, paka wa jirani akiwa shahidi. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia: na wewe je? Nikafikiri. Mama yetu alikuwa na kaka aliyekufa mdogo kwa kuanguka mnazini, hivyo ndivyo tulivyoambiwa, ingawa mnazi wenyewe ulikuwa mfupi. Mimi nilitahiriwa na ngariba kwa wembe, nikapona kwa majivu na maji ya chumvi. Kwa mama yetu basi mimi niliichukua X nzima, na dada yangu akaichukua ile nyingine. Hakuna aliyechagua. Dada alinyamaza kitambo, kisha akasema nimwandikie kwenye karatasi jina la kitu cha kupimwa.

Niliandika: faktori ya 8 na faktori ya 9. Nikaongeza kwamba kuhesabu upogo katika seli za damu hakutoshi, kwa sababu kura ya damu si lazima iwe sawa na kura ya ini. Kinachotakiwa ni kupima faktori yenyewe. Na kwamba toka mwaka 2021 wataalamu wa damu duniani wamekubaliana kuwa mwanamke ambaye faktori yake iko chini ya asilimia 40 ya kawaida asiitwe mbebaji tu, aitwe mgonjwa wa hemofilia kama mwanamume yeyote mwenye kiasi hicho.

Walikwenda hospitali nyingine na karatasi ile. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: faktori ya 8 iko sawa, faktori ya 9 ni asilimia 17.

Mpwa wangu anaolewa baada ya Mfungo Tatu. Daktari amempa kadi yenye jina la maradhi yake na hesabu ile, aionyeshe popote atakapopasuliwa au kujifungua, na amemwita mchumba wake naye aelezwe. Dada yangu ameishona kadi ile ndani ya mfuko wa nailoni, na ameniomba niandike nakala ya pili kwa Kiswahili, ikae nyumbani kwa mumewe.